Bima ya Afya kwa Wote: wanasiasa na warusha sauti za WhatsApp mnatuchanganyia bei makusudi, na dirisha la dawa hamlisemei

Wakuu, tuambiane ukweli bila kupakana mafuta. Mjadala wa bima ya afya hapa Mwanza umetekwa na waongo wa pande mbili. Mmoja anapanda jukwaani viwanja vya Furahisha na kuahidi kwamba ukishika kadi umemaliza, matibabu yote bure. Mwingine anarekodi sauti bila kujitaja, anairusha kwenye makundi ya WhatsApp, anasema asiyekata bima atakamatwa. Wa kwanza anatafuta kura, wa pili anatia watu hofu, na anayeumia ni mama aliyesimama dirisha la dawa na mtoto mgongoni akiambiwa "hii haipo, kanunue nje". Inauma sana.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo watu wanapopigwa chenga. Namba zinazozunguka zimewahi kutamkwa kweli, ila kila moja ina mambo yake. Shilingi 30,000 ni mchango wa mwaka wa CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile iliyoanza 2018, kwa kaya ya watu wasiozidi sita. 340,000 kwa kaya na 84,000 kwa mtu mmoja ni namba za wakati wa muswada wa 2022. 150,000 kwa kaya ya watu sita ni ya kitita cha msingi (orodha ya huduma zinazolipiwa) kilichotangazwa na Wizara ya Afya baadaye, Bunge likiwa limeshapitisha sheria Novemba 2, 2023 na Rais kuisaini. Sasa mtu anachukua 340,000 ya 2022, anaibandika kwenye picha ya juzi, anasambaza. Mwenzake wa upande wa pili anachukua 30,000 na kuahidi kwayo upasuaji, vipimo vikubwa na daktari bingwa.

Gawanyeni wenyewe. 30,000 kwa watu sita ni 5,000 kwa kichwa kwa mwaka. 150,000 ni 25,000 kwa kichwa, yaani kama 2,080 kwa mwezi. Mwanasiasa anayesema hela hiyo inatibu kila kitu atuoneshe nani anajaza pengo. Sheria imetaja vyanzo vya kuchangia mfuko wa wasio na uwezo, kama ushuru wa vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Basi mbunge wetu asimame aseme kila chanzo kimeingiza shilingi ngapi na zimelipia kaya ngapi. Hilo halisemwi. Yanayosemwa ni makofi.

Halafu ngazi ya matibabu. Kuna watu wanaapa kwamba CHF inakufikisha Bugando. Haikufikishi. CHF iliyoboreshwa inaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwetu hiyo ni Sekou Toure. Bugando ni hospitali ya kanda, iko juu ya hapo. Na huko njiani unatakiwa kwenda na rufaa: ukiruka zahanati ukaenda moja kwa moja hospitali kubwa bila karatasi, na si dharura, unalipa mfukoni. Mtu anatoka kisiwa cha Ukara, anavuka maji, anafika Nansio, kisha mpaka mjini, nauli imekwisha, anafika dirishani na kadi mkononi ndipo anaambiwa haifanyi kazi hapo. Aliyemwandikisha hakumwambia. Huo ni uzembe wa kuitwa kwa jina lake, na sauti za WhatsApp zinaupaka rangi ya njama ili uzembe wenyewe usishughulikiwe.

Dirisha la dawa sasa, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo bima inapofia.

Kituo cha umma kinaagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD, ambayo kwetu ina kanda yake ya Mwanza. MSD ikikosa dawa fulani, inatoa taarifa ya kukosekana, na kituo kinaruhusiwa kwenda kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa. Mpaka hapo mpango ni mzuri kabisa. Lakini mshitiri hakopeshi kwa matumaini. Kituo kinatakiwa kiwe na pesa kwenye akaunti yake, na pesa hizo zinatoka kwa wanaolipa papo kwa papo, kwenye CHF, na kwenye madai ya malipo ambayo kituo kinayapeleka NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Madai yakichelewa au yakikatwa, akaunti inakauka, mshitiri hapelekewi oda, rafu inabaki tupu. Mwenye kadi na asiye na kadi wanaambiwa neno lilelile.

Na kwa nini madai yanakatwa? Mara nyingi ni mambo ya karatasi, wala si wizi kama mnavyoaminishwa. Sahihi ya mgonjwa haipo. Namba ya uthibitisho wa siku ile haikuandikwa. Ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa. Au dawa ni ya ngazi ya juu kuliko kituo: Mwongozo wa Taifa wa Matibabu umepanga dawa kwa herufi, A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa mkoa, S kwa mabingwa. Zahanati ikitoa dawa ya C, hata kama mgonjwa aliihitaji na imemponya, dai hilo linaweza kurudi na mstari mwekundu. Zahanati yenye mganga mmoja na muuguzi mmoja, foleni imefika nje, nani anakaa kujaza fomu kwa utulivu? Pelekeni makarani wa madai kwenye vituo hivyo. Hapo ndipo penye suluhisho, na sijamsikia mgombea akilisema hilo jukwaani.

Mwenye kadi ya NHIF ana nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Dawa ikikosekana kituoni, dai fomu ya 2C, ukachukue kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Usikubali kuandikiwa kwenye kikaratasi cha kawaida, kwa sababu hicho ni cha kununulia kwa pesa yako. Mwenye CHF njia hiyo hana. Ndiyo maana ninakasirika mtu akisimama na kusema "kadi ni kadi".

Suala la hiari na lazima nalo limepotoshwa hadi halitambuliki. Bima inaishi kwa wazima kuchangia kabla hawajaugua. Ikiwa kila mtu anasubiri aumwe ndipo akate, mfuko unalipa kuliko unavyokusanya, na matokeo yake tuliyaona 2023: Toto Afya Kadi, iliyokuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakiandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa. Unaweza kupinga uamuzi ule, na mimi naupinga kwa jinsi ulivyofanyika, wazazi wakakuta mlango umefungwa. Lakini usimdanganye mtu kwamba bima ya hiari kwa bei ya chini inaweza kubeba wagonjwa peke yao. Machi 2024 kitita kipya cha NHIF kilipoanza na hospitali kadhaa binafsi zikagoma kupokea kadi, ilikuwa hivyohivyo: huku wanapiga kelele za "tamaa", kule za "mfuko umefilisika", na bei ya huduma moja moja, ambayo ndiyo iliyokuwa ugomvi wenyewe, haikuwekwa mezani watu wa kawaida wakaielewa.

Na hao watu sita wa kaya ni wa wapi? Nendeni Magu, nendeni Kwimba, nendeni kisiwa chochote, mhesabu walio kwenye kaya moja: mume, wake wawili, watoto saba, bibi. Kwa namba zile za 2022, watu wanane tu walikuwa wanafika 508,000, yaani 340,000 na 84,000 mara mbili. Anayetangaza bei ya kaya bila kusema mtu wa saba analipiwa vipi ametangaza nusu ya bei.

Wapangaji pia wanajifanya hawaijui kazi ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, na wanaoanika dagaa Igombe na Kayenze hawana cha kuanika. Pesa inakuja kwa mafungu na kukatika. Kumdai mtu huyo mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo ni kumtoa kwenye bima kabla hajaingia. Wekeni malipo kwa simu kidogo kidogo, giza kwa giza, na ujumbe wa kumkumbusha kabla kadi haijaisha, maana sasa kadi inakufa kimya na mtu anagundua akiwa na mgonjwa.

Kwa upande wetu wananchi, kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wetu. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Muulizeni mwenyekiti wa kamati mambo manne hadharani na yaandikwe kwenye muhtasari: robo hii kituo kimepokea kiasi gani kutoka kwenye bima, madai ya kiasi gani yamekatwa na kwa sababu ipi, dawa zipi zilikosekana MSD, na je, mshitiri aliagizwa. Ulizeni pia orodha ya wasio na uwezo: nani yumo, nani aliipitisha. Hapo ndipo watoto wa wenyeviti huingizwa na wajane kuachwa, na hilo halitarekebishwa Dodoma.

Wanaokuja kunijibu kwa nyimbo za chama, chochote kile, mpite. Mwenye malalamiko ya kweli aandike aina ya kadi, ngazi ya kituo, wilaya, mwezi, dawa au kipimo kilichokosekana na kama alipewa fomu au kikaratasi. Majina ya wagonjwa msiweke. Yakishakuwa mengi nitayapanga kwa wilaya, tuyapeleke kwa madiwani wakiwa kwenye baraza, na nakala kwa kila mbunge wa mkoa huu.