Nimeswali mpaka paji limeota sugu, pepa ya kodi naanguka tu. Nishaurini

KijanaWaLikoni: Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Nina miaka 26, nakaa Likoni. Nasoma CPA, ile mitihani ya uhasibu, na pepa ya kodi imenirudisha mara tatu. Ya mwisho nilipata 41, na kupita ni 50. Usiku naamka tahajjud, Jumatatu na Alhamisi nafunga, mamangu ananiombea. Kakangu asema nimwache Mungu apumzike, nisome. Mama asema kaka amepotea. Dua au juhudi, kipi kimenipungukia? Ijumaa nina jambo la kuamua, nijibuni kabla ya hapo.

BamburiKwaYesu: Mimi ni Mkristo, lakini hapa tuko pamoja. Yakobo 2:17, imani isipokuwa na matendo imekufa. Ila na wewe ujichunguze, labda kuna mtu hujamsamehe.

NahodhaMstaafu: Nimekaa majahazini miaka 31. Hatukung'oa nanga bila Fatiha, lakini kabla ya Fatiha kulikuwa na kalafati: unashindilia pamba ya mafuta kwenye kila upenyo wa mbao mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwaka mmoja, njia ya Lamu, upenyo ukaachia usiku. Yakhe, niliomba kama sijapata kuomba maishani, na muda wote huo ndoo iko mkononi nafua maji. Alfajiri tukaiona nchi kavu. Mwenzetu mmoja alikaa tezini, nyuma ya chombo, analia tu. Mpaka leo hatusemezani.

PilauBizari: Mzee, kijana kauliza CPA 😂

MamaKiembeni: Mwanangu, wote wamekuhubiria, hapana aliyekuuliza. Hiyo Ijumaa kuna nini? Na ada ya mtihani umelipa?

KijanaWaLikoni: Shikamoo mama. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujisajili.

MamaKiembeni: Marahaba. Nimeuliza ada.

KijanaWaLikoni: Nilikuwa nayo. Nusu nimempa mwalimu mmoja wa Kisauni aniandikie makombe 21. Anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, unaosha kwa marashi na maji, unakunywa kabla jua halijatoka. Nimeshakunywa tisa. Nusu iliyobaki anaitaka hiyo Ijumaa. Naomba msinihukumu, hizo ni aya za Mungu si uchawi. Na wallahi kichwa nakihisi chepesi. Nikikatiza katikati si nitakuwa nimepoteza yote?

MhasibuTudor: Kaka, kombe nalijua, bibi yangu alinywesha nyumba nzima. Silipingi. Nakuuliza kitu kimoja: unasomea daftari la mwaka gani?

KijanaWaLikoni: La kakangu. 2022.

MhasibuTudor: Basi ugonjwa ndio huo! Kodi hubadilika kila Sheria ya Fedha ikipita. Tangu Julai 2023 PAYE, kodi ya mshahara, ina ngazi mbili mpya, 32.5% na 35%. Wewe unaishia 30. Bima ya afya ya NHIF haipo tena, tangu Oktoba 2024 ni SHIF, 2.75% ya mshahara. Kuna na ushuru wa nyumba, 1.5%. Unakokotoa vizuri kwa viwango vilivyokufa, msahihishaji afanye nini? Nami niliwahi kuanguka pepa hiyo. Sikupita mpaka nilipoanza kufanya maswali mawili kila siku baada ya alfajiri, kalamu mkononi, saa mezani. Dua sikuacha. Mtume (s.a.w.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia kisha ategemee. Ngamia wako hajafungwa.

PilauBizari: Mimi nasema hadithi hii imetungwa. Akaunti imefunguliwa jana. Anakaa Likoni, na hajataja feri hata mara moja! Mtu wa Likoni akikusalimia tu, salamu ya pili ni foleni ya feri. Tena tahajjud kila usiku, makombe alfajiri, kazini anafika saa ngapi?

BamburiKwaYesu: Hata mimi nilishangaa. Kuna watu wanakuja hapa kuchafua dini za wenzao.

NahodhaMstaafu: Mwacheni ajibu.

KijanaWaLikoni: Feri sikuitaja kwa sababu sivuki tena. Nilikuwa karani kwa mawakala wa forodha mjini. Niliacha mwezi uliopita ili niwe na nafasi ya ibada. Mama hajui, asubuhi natoka na begi nakaa msikitini mpaka saa kumi. Akaunti ni mpya kwa sababu kwa jina langu la zamani kaka angenijua.

MamaKiembeni: Ya Rabbi. Mwanangu, hiyo nusu usimpe mtu. Hao mawakala, mliagana vizuri?

KijanaWaLikoni: Vizuri. Mkubwa wangu alisema nikibadili nia nimpigie.

MamaKiembeni: Mpigie leo, usingoje Ijumaa. Na mama yako mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa.

PilauBizari: Samahani kaka. Nilikosea.

KijanaWaLikoni: Hapana neno. Kombe la kumi mama keshaniwekea dirishani, kalifunika kawa. Hilo nitakunywa, siwezi kumvunja moyo. MhasibuTudor, hayo madaftari mapya yanauzwa wapi, na ni pesa ngapi?