Tutajuaje mtazamo wa Sabina ilhali anayesimulia ni Kazimoto?

Msomaji_Kirumba aliuliza:

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Sisi ni kikundi kidogo cha wasomaji wa riwaya hapa Mwanza, na kwa sasa tunasoma *Kichwamaji* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Mjadala wetu umekwama mahali pamoja. Riwaya inasimuliwa na Kazimoto kwa nafsi ya kwanza, hivyo maisha ya kijijini Ukerewe, familia yake na rafiki yake Manase tunavipata kupitia kwake. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msiba unaofuata unamfanya Kazimoto atake kulipiza kisasi kwa kumwendea Sabina, dada yake Manase. Baadaye kisasi kinageuka mapenzi na wawili hao wanaoana.

Baadhi yetu wanasema Sabina hana msimamo, ni mtu wa kupelekwa tu. Wengine wanashikilia kwamba ana akili kuliko wote na kwamba alimsoma Kazimoto mapema. Kila upande ukidaiwa ushahidi unajibu kwamba "inaonekana hivyo". Je, ipo njia ya kukisia mtazamo wa mhusika asiyesimulia bila kumlisha maneno?

Chaki_na_Ubao alijibu:

Ndugu Msomaji, njia ipo, ingawa inadai subira. Anzeni kwa kutenganisha mambo mawili ambayo msimulizi wa nafsi ya kwanza huyachanganya ndani ya sentensi moja: kile alichokiona au kukisikia, na maana aliyoipa. Tuseme msimulizi anatuambia kwamba msichana aliinamisha kichwa kwa haya. Kuinamisha kichwa ni tendo, na kama msimulizi si mwongo tunaweza kulikubali; "kwa haya" ni hukumu yake yeye, na msichana huyohuyo angeweza kuinamisha kichwa kwa hasira, kwa kuchoka, au kwa sababu hataki kuonekana akicheka. Someni upya kila ukurasa ambao Sabina anatokea, mpigie mstari matendo na maneno yake tu, kisha mjadili hayo kana kwamba Kazimoto hakuyatolea maelezo yoyote.

Jambo la pili, ambalo wanafunzi wangu hulisahau mara nyingi, ni kuuliza mhusika anajua nini katika hatua ile ya hadithi. Sisi tunaijua nia ya kisasi kwa sababu Kazimoto ametufungulia moyo wake, lakini Sabina hakuwamo katika mazungumzo hayo. Kinachoitwa kinaya katika vitabu vya nadharia, yaani msomaji kujua asilolijua mhusika, ndicho kinachowapotosha wenzako: mnamsoma Sabina kwa maarifa yenu, kisha mnamlaumu kwa kutotenda kama mtu mwenye maarifa hayo. Ukarimu anaomwonyesha kijana msomi, rafiki wa kaka yake, si ushahidi wa kukosa msimamo. Ni mwenendo wa mtu ambaye hajapewa sababu ya kushuku. Anayedai kwamba alishuku mapema atuonyeshe swali alilouliza, jibu alilokwepa, au hatua aliyochukua ambayo haielezeki vinginevyo. Asipoweza, dai lake libaki dhana.

Pimeni pia hali ya shahidi mwenyewe. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyejaa mashaka juu ya maana ya kuishi, na wahakiki wengi wameiweka riwaya hii miongoni mwa kazi za udhanaishi, yaani falsafa inayohoji maana ya kuishi kwa mtu. Mtu wa namna hiyo akiwaona wanakijiji kuwa wajinga, tunajifunza zaidi kuhusu yeye kuliko kuhusu wanakijiji. Kwa upande wao, huenda walimwona kijana aliyesomeshwa, anayerudi likizo na kutazama kila kitu kwa dharau, na mtazamo huo wao unaweza kujengwa kwa hoja kutokana na namna wanavyomjibu.

Mvua_za_Vuli alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kutenganisha tendo na tafsiri, lakini nina shaka kidogo. Hata hayo matendo tunayopigia mstari yamechaguliwa na Kazimoto. Yako mengi ambayo Sabina aliyafanya, ndani ya ulimwengu wa hadithi, ambayo msimulizi hakuona haja ya kuyataja, na hatuwezi kuyarudisha kwa kusoma kwa makini. Naona Kezilahabi alituwekea ukuta huo makusudi. Katika *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 alitumia msimulizi wa nafsi ya tatu, na hapo tunaweza kusogea kutoka kwa Rosa kwenda kwa wazazi wake bila kuomba ruhusa ya mhusika yeyote. Mwandishi aliyekuwa na uwezo huo, kisha akaamua kutufungia ndani ya kichwa kimoja, alitaka tuhisi ufinyu wake.

Kwa hiyo, ningekuwa katika kikundi chenu, ningeuliza kwanza kwa nini Kazimoto haoni umuhimu wa kujua anachofikiri mwanamke anayemtumia kama silaha dhidi ya kaka yake. Kimya cha Sabina kingenipa jibu kuhusu mtazamo wa Kazimoto kwa wanawake, na hilo lina ushahidi mwingi zaidi kuliko makisio juu ya yaliyomo moyoni mwa Sabina.

Chaki_na_Ubao alijibu:

Hoja ya Mvua_za_Vuli ina uzito, ila isitufikishe mahali pa kusema kwamba Sabina hana mtazamo wowote. Msimulizi huchagua, ni kweli, lakini maneno ya wahusika wengine anayoyanukuu huweza kumponyoka na kusema zaidi ya alivyokusudia.

Mtoto_wa_Ngambo alijibu:

Naomba nilete mfano kutoka Unguja, kwa sababu mnazungumza kana kwamba nafsi ya tatu huondoa tatizo, na mimi naona wakati mwingine hulizidisha. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978, yumo Kijakazi, mtumishi anayempenda na kumtii Bwana Fuad kupita kiasi, hata pale Mapinduzi ya Januari 1964 yanapouondoa utawala wa mabwana wa mashamba. Msimulizi yuko upande wa Mapinduzi waziwazi, na utii wa Kijakazi anauonyesha kama usingizi ambao mtu anapaswa kuamshwa. Msomaji mvivu huishia hapo na kuandika kwamba Kijakazi ni mjinga.

Lakini hebu tumwangalie kutoka pale aliposimama yeye. Amemtumikia bwana huyo miaka mingi, na anaishi kwenye ardhi isiyo yake, kama walivyoishi watu wengi wa mashamba ya Unguja kabla ya Serikali ya Mapinduzi kuitaifisha ardhi na kuanza kugawa eka tatu tatu. Kumchukia bwana, kwa mtu wa hali hiyo, kungemwacha bila pa kulala na bila maana ya miaka yote aliyoitumikia. Utii wake, basi, unaweza kusomwa kama hesabu ya mtu asiye na pa kukimbilia, au kama fahari ya mtu aliyeifanya kazi yake vizuri maisha yake yote, na pengine vyote viwili kwa pamoja. Msimulizi hatuambii hivyo moja kwa moja, lakini matendo anayotuonyesha yanaruhusu usomaji huo. Tena mabadiliko ya Kijakazi baadaye yanaaminika zaidi tukimpa sababu hizo kuliko tukimwita mjinga aliyeerevuka ghafla.

Msomaji_Kirumba aliandika:

Nawashukuru sana. Mtoto_wa_Ngambo umetumia historia iliyo nje ya kitabu, yaani habari za ardhi. Je, mpaka uko wapi? Katika kikundi chetu yupo mzee wetu mmoja ambaye hujibu kila swali kwa kueleza desturi za Wakerewe za enzi zake, na hatujui tumpe nafasi kiasi gani.

Mtoto_wa_Ngambo alijibu:

Mpeni mzee nafasi, lakini baada ya kusoma sehemu husika kwa sauti. Historia na desturi hutuonyesha ni mambo gani yaliwezekana kwa mtu wa mahali na wakati ule; kwamba mhusika huyu alichagua lipi, kitabu ndicho chenye kauli. Mzee akisema kwamba msichana wa zamani hakuruhusiwa kumhoji mchumba, hiyo ni sababu nzuri ya kutouhesabu ukimya wa Sabina kuwa ni kukubali. Haitoshi kuthibitisha kwamba alikuwa na swali moyoni.

Chaki_na_Ubao alijibu:

Naongeza moja tu kuhusu ubishi wenu wa awali. Wale wanaosema Sabina alimtambua Kazimoto mapema waambiwe wataje ukurasa, na wale wanaosema hana msimamo nao wataje wao. Kurasa zikiwa ni zilezile kwa pande zote mbili, andikeni katika daftari la kikundi kwamba riwaya imeliacha swali hilo wazi, kisha mwende kwa Manase, ambaye naona hamjamgusa kabisa, ilhali naye pia tunamjua kupitia macho ya mtu anayemchukia.