Tupeane uzoefu: ulikutana na nini ukitembea kwa miguu Lushoto?

Mtoto wa Marehemu:
Wakuu, habari za humu. Naomba tupeane uzoefu wa Lushoto, ila si wa hoteli. Nataka wa miguu: ulishuka stendi, ukatembea, ukakutana na nini.

Naanza mimi. Nilipanda siku chache baada ya arobaini ya mama. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kona tupu, na ukishapita Soni unaanza kutafuta sweta. Alfajiri niliamshwa na adhana. Kabla haijamalizika, msikiti wa ng'ambo ya bonde ukapokea, na baadaye kidogo kengele ya kanisa. Nikakaa kitandani, nikaona kama mji mzima umeamka kumwombea mama yangu.

Nikatoka. Ukungu ulikuwa bado umelala barabarani. Karibu na soko bibi mmoja alikuwa anapanga plamsi kwenye kisado, kila moja anaifuta kwa pindo la kanga mpaka inang'aa. "Onga maundo," akanisalimu kwa Kisambaa. Nikamwamkia shikamoo. Akaniangalia, akauliza mbona macho yamevimba. Nikamweleza. Akaweka kisado chini, akainua mikono, akaniombea dua palepale, wapagazi wanatupita na matenga ya kabichi. Alipomaliza ndipo akasema, "Pole, mwanangu." Mimi ni Mlutheri. Nilisema amina kwa moyo wote. Hela ya plamsi aliikataa.

Nikashika njia ya Irente, nikila plamsi. Mwendo wa saa moja na nusu kwa asiye na haraka. Pale kwenye mwamba ardhi inakatika ghafla: chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu imekuwa uzi, halafu nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Nililia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wakati wa kurudi nilipitia shamba la Kanisa pale Irente, nikala mkate mweusi na jibini, nikajiona mtu tena.

Joho Jeusi:
Mkuu, pole sana kwa mama. Mimi nimesoma pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Jioni tulikuwa tunashuka mjini kunywa chai tukiwa bado na suti. Mzee mmoja wa kanzu, fundi viatu, kila tukipita alituambia neno lilelile: "Mkikaa kwenye kiti, mkumbukeni Mungu." Mwanzoni tulikuwa tunapita tu. Leo kila nikiingia kusikiliza shauri, namsikia.

Mshambaa wa Vuga:
Asanteni kwa kuupenda mji wetu. Niongeze kidogo, maana wengi hudhani dini Usambara ilianza na wamisionari. Wajerumani waliuita mji Wilhelmstal, wakapenda baridi yake, wakajenga. Lakini Wakilindi, ukoo wa wafalme wetu, walikuwa wameshatawala kutoka Vuga zamani, tangu Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu akawagawia watu nyama ya nguruwe pori. Mfalme, Simba Mwene, alitazamiwa kuleta mvua. Nchi ikistawi, wazee walisema ameiponya: kuzifya shi. Njaa ikiingia, walisema ameiharibu. Babu yangu alikuwa mwislamu wa swala tano, na mvua ikichelewa alikuwa akitaja maneno hayo hayo. Kwa hiyo ukiona mtu wa Lushoto anaomba dua barabarani, usishangae. Hapa afya ya mtu na afya ya shamba vinaombewa pamoja.

Tembea Ujionee:
Mimi niliudhika kidogo. Kijana alijipachika kwangu stendi, akasema bila yeye siruhusiwi kwenda popote, akachukua hela asubuhi na akataka nyingine jioni. Mkitaka mwongozaji (na kwa Magamba mchukueni, msitu ni mkubwa), patana bei kabla hamjaondoka. Mengine yote yalikuwa mazuri.

Mama Mizizi:
Magamba nilikwenda na mganga wa mitishamba, mzee wa makamo. Tulifika kwenye mti mmoja mkubwa, akasimama, akavua kofia, akausalimia. Halafu akabandua gome upande mmoja tu, kipande cha kiganja, akapaka udongo kwenye kidonda cha mti. Nikamuuliza kwa nini asichukue pande zote wakati tumetoka mbali. Akajibu, "Na wa kesho atumie nini?" Nilikuja kutafuta dawa ya mgongo. Mgongo bado unauma, lakini tangu siku ile sijakata mti nyumbani kwangu bila kufikiri mara mbili.

Nauli Mkononi:
Napanda Ijumaa hii na mke wangu. Baridi ikoje? Na watawa wa Ubiri bado wanauza jamu?

Joho Jeusi:
Beba sweta mbili, ya kuvaa na ya kulalia. Jamu na jibini ulizia kwa masista wenyewe, ni watu wakarimu. Mkishuka, pitieni na kwa wabenediktini wa Sakharani, mle makadamia.

Mtoto wa Marehemu:
Mkuu, nakuomba kitu kimoja. Asubuhi pita sokoni mapema, kabla ukungu haujainuka, umtafute bibi anayefuta plamsi kwa kanga. Ukimkuta, nunua kisado kizima na umlipe hata akikataa. Mwambie yule aliyefiwa na mama anamsalimu.