Huyu mtaalamu wenu wa "weka SSD" amenidhalilisha mbele ya mama mkwe, leo sinyamazi

Wakuu, sisalimii. Nikipoa nitasalimia.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Ni yule yule bingwa wenu wa hapa Mwanza anayeingia kila uzi wa kompyuta na jibu moja tu. Kompyuta nzito? Weka SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Printa haishiki karatasi? Weka SSD. Siku akioa, mke wake akishikwa na uchungu atamwambia nesi aweke SSD. Jina sitaji, maana nikilitaja wasimamizi watanifungia mimi halafu yeye abaki humu anapewa laiki.

Ametoka hapa kwangu sasa hivi. Mifupa ya sato aliyokula bado iko mezani. Soda yangu kanywa na chupa kaondoka nayo.

Mnaonifuata kwenye ule uzi wa seva za nyumbani mnaijua kazi niliyofanya. Nina maboksi ya DVD tangu enzi zinapangwa mezani pale Makoroboi. Nimekaa nazo moja moja: programu ya MakeMKV inatoa muvi kwenye diski, HandBrake inaibana, GB 7 inashuka mpaka GB 1 na ushee na picha bado inapendeza. Kila muvi ina bango lake, mwaka wake, majina ya waigizaji, hata maelezo nimeandika mwenyewe kwa Kiswahili. Jellyfin, programu ya kurusha muvi kutoka kwenye seva, imesimama. Ukiwa ndani ya uzio wangu na simu yoyote, unaandika anwani ya seva, unamalizia na 8096, unapokelewa na ukurasa mzuri kuliko mapokezi ya hoteli za Capri Point. Bila bando. Bila kulipa mtu kila mwezi.

Leo wakwe wamekuja kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena cha kusingizia foleni ya kivuko, mkwe anakufikia muda wowote anaotaka. Nikasema leo ndiyo leo. Mama mkwe nimemkalisha kwenye kochi kubwa, shemeji zangu kwenye mkeka, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Nikachagua muvi ya Kihindi niliyoitoa kwenye Blu-ray kabisa, picha kali, na maandishi ya chini nikawasha. Nikatoa na hotuba fupi. Nikabonyeza.

Kaduara.

Kakazunguka. Picha ikaja, shujaa akanyanyua mguu ampige mtu, kaduara. Mguu uko hewani. Mama mkwe anautazama mguu, mguu unamtazama mama mkwe. Ukashuka kidogo. Kaduara.

Na yeye alikuwepo. Alikuja kufuata chaja yake, akanusa samaki, akakaa.

Sasa sikilizeni alichofanya. Hakusema "kaka, ngoja tuangalie." Hakunivuta pembeni tukaongea kiume. Aliingiza mkono mfukoni akatoa funguo za pikipiki. Kwenye funguo kuna flashi. Haina kofia, imefungwa na kamba ya nyavu ya dagaa, na pale kwenye mdomo wa chuma kuna ugoro umeganda.

Akaipuliza. Puu!

Jamani, AKAIPULIZA. Mbele ya mama mkwe wangu. Akazunguka nyuma ya TV YANGU, akachomeka.

Ikacheza.

Ya Kihindi pia, ila ya kutafsiriwa, mtafsiri anapiga kelele juu ya sauti za watu, namba ya simu ya maktaba ya muvi ya Igoma inapita chini ya picha mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe akanyoosha miguu. Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Sasa huyu ndiye fundi. Mkwe wangu, hiyo yako izime ipumzike, imechoka." Shemeji mdogo kacheka mpaka kalala chali. Mtoto wangu, damu yangu mimi, ananiuliza: "Baba, mbona ya anko haizunguki?"

Seva yangu ina TB 4. Flashi yake GB 16. Na kaipuliza!

Kwani kulikuwa na ulazima wa kupuliza? Si angechomeka tu kimyakimya nikaumia taratibu? Ile puu aliitoa makusudi ili sebule nzima igeuke. Nalala nayo leo ile puu.

Tena mlangoni, wakati nafunga geti, kanishika bega kwa huruma. Mnajua kaniambia nini?

"Kaka, weka SSD."

Karibuni mnisaidie kumlaani.

*

ngosha_wa_buzuruga: Wa kwanza. Nimevuta kiti, bisi ziko jikoni.

DagaaMkavu: Nimesoma mara mbili kosa la jamaa silioni. Kafika, kakuta wazee wa watu wanaangalia duara, kawaokoa.

Mwenye uzi: KAIPULIZA. Sehemu ya kupuliza umeisoma?

DagaaMkavu: Flashi hupulizwa mkuu. Hata kaseti za gemu tulikuwa tunapuliza.

ngosha_wa_buzuruga: Mimi nimeuelewa ule mguu tu. Umeshashuka?

waya_mweupe: Tuache utani kidogo. Mwenye uzi, hiyo seva ni mashine gani?

Mwenye uzi: Core i3 kizazi cha pili, RAM GB 4. Nimeichukua kwa mtu Mabatini, haina shida yoyote.

waya_mweupe: Basi mchawi tunaye. Maandishi ya Blu-ray si maandishi, ni picha, yanaitwa PGS. TV nyingi haziwezi kuyaonyesha zenyewe, kwa hiyo Jellyfin inabidi iyapake juu ya filamu fremu kwa fremu na kuipika filamu upya papo hapo. Na ile muvi uliibana kwa mfumo gani?

Mwenye uzi: H.265, 10-bit. Nilitaka ubora.

waya_mweupe: Ubora umeupata. Chipu za Intel zimeanza kuifungua H.265 10-bit vizuri kwenye kizazi cha saba. Hiyo yako inaifungua kwa nguvu za prosesa tupu, huku inapaka maandishi, huku inapika nyingine ya kuipelekea TV. Hapo hata ukiweka SSD… samahani. Tafuta maandishi ya SRT, yaani faili la maandishi ya kawaida, yape jina lile lile la faili la muvi, video ifanye H.264, mfumo wa zamani zaidi. TV italipokea faili kama lilivyo na prosesa haitajua hata kama kuna mgeni. Halafu muvi ikiwa inacheza fungua dashibodi, itakwambia yenyewe kama inapitisha moja kwa moja au inapika, na sababu itakuandikia.

Mwenye uzi: Nashukuru mkuu, lakini hapa hatujadili PGS. Tunajadili heshima.

sime_la_bariadi: Weka SSD.

Mwenye uzi: NI WEWE!!! Wakuu ndiye huyu! Kaja na akaunti nyingine! Rudisha chupa ya soda!

sime_la_bariadi: Kaka mimi niko Bariadi nalima pamba. Nilikuwa natania.

Mwenye uzi: Piga picha pamba.

sime_la_bariadi: Usiku huu?

Mama Kulwa: Nyie wanaume mnahangaika na vizazi vya prosesa. Mama wa watu katoka Sengerema, kachoka na safari, unamwekea Kihindi chenye maandishi ya Kiingereza asome? Mwenzako kaleta iliyotafsiriwa. Huyo kijana anafaa kuoa.

Mwenye uzi: Dada yangu, mimi nimeshaoa.

Mama Kulwa: Nasema yeye.

DagaaMkavu: Uzi ufungwe.

Mwenye uzi: Na kwa taarifa yenu hiyo flashi ni FAT32, faili la kuvuka GB 4 haibebi. Ile muvi imebanwa mpaka masharubu ya adui na kivuli chake huwezi kuvitofautisha. Yangu unahesabu nywele!

ngosha_wa_buzuruga: Lakini ilicheza.

DagaaMkavu: Ilicheza mkuu.

waya_mweupe: Ilicheza.

Mwenye uzi: Baada ya kupulizwa!!

umiza_igoma: Mimi nina kibanda umiza hapa Igoma, nawasoma kwa uchungu. Zamani mtu akitaka picha analipa, anakaa kwenye benchi, anatulia. Sasa huyu ana flashi, yule ana seva, wateja wangu wamebaki watoto wanaochungulia kwenye tundu la bati. Mmetuua halafu mnakuja kugombana kwenye msiba wetu.

DagaaMkavu: Lile tundu ulizibe, mimi nimelitumia mwaka mzima.

umiza_igoma: Nilijua tu ni watu wazima.

mpangaji_mstaarabu: Mwenye uzi afadhali wewe ulidhalilika siku moja ukamaliza. Mimi hapa Nyakato nina mpangaji mwenzangu ana hilo liseva lenu. Linawaka usiku na mchana, LUKU moja, tunachanga sawa kwa sawa vyumba vitatu. Nikiuliza mbona uniti zinakimbia, anasema ni friji langu.

waya_mweupe: Kama ni kompyuta ya mezani inayokula wati 60, piga mara saa 24, ni uniti 1.44 kwa siku. Mwezi ni kama uniti 43. Mkiwa kwenye bei ya chini, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, huyo peke yake kala zaidi ya nusu.

mpangaji_mstaarabu: UNITI 43! Nakwenda kumgongea sasa hivi.

ngosha_wa_buzuruga: Piga picha.

Mama Kulwa: Friji lako nalo si dogo lakini. Linalindima au limetulia?

mpangaji_mstaarabu: Linalindima kidogo. Dada, nina sangara mle, nifanyeje?

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Naomba mtu mmoja tu aseme kwamba kupuliza kulikuwa ni dharau.

mpangaji_mstaarabu: Nimerudi. Kagoma kufungua. Kasema yuko katikati ya muvi na haizunguki hata kidogo.

sime_la_bariadi: Muulize kama ana SSD.

kamanga_kwanza: Nimepita kusoma nikaona mtu anasifia daraja. Tuliozoea kuvuka kwa kivuko cha Kamanga tunashukia mjini kabisa. Nyie wa daraja mnatokea kule Usagara halafu muanze kutafuta daladala. Muda mliookoa majini mnaumaliza barabarani.

DagaaMkavu: Mkuu hapa tunazungumzia flashi.

Mama Kulwa: Hapa tunazungumzia sangara. Mpangaji, umenunua wapi?

mpangaji_mstaarabu: Mwaloni Kirumba. Mzima, ila alikuwa amepasuliwa tumbo.

Mama Kulwa: Basi mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, yameshatoka. Hayo ndiyo yenye hela, yanaenda hadi China. Wewe wamekuachia mnofu na kelele za friji.

mpangaji_mstaarabu: Kumbe! Na yule muuzaji kaniambia kaniondolea uchafu bure, nikamshukuru.

kamanga_kwanza: Hahaha, ulimwambia na wabeja, asante ya Kisukuma?

mpangaji_mstaarabu: Nilimwongezea na ya soda.

Mwenye uzi: Wasimamizi, mnauona uzi wangu unavyogeuzwa soko?

umiza_igoma: Mabondo mabichi kilo wanachukua shilingi ngapi siku hizi? Nafikiria kufunga kibanda.

Mama Kulwa: Inategemea ukubwa na siku. Usiulize kwa madalali wa nje ya geti, ingia ndani uwaone wenye mitumbwi.

sime_la_bariadi: Mwenye uzi, nimepiga picha pamba. Giza, ila ukikuza utaiona.

Mwenye uzi: Naona jani tu.

umiza_igoma: Nashuka Mwaloni kesho alfajiri. Walioko Buzuruga au Mabatini wenye safari hiyo tuchangie bajaji.

mpangaji_mstaarabu: Nipo. Nikimwona yule muuzaji nitakuonyesha.