Naomba ushauri: maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguuni

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 58, anauza samaki soko la Feri, Dar, kutwa ameinamia ndoo. Huu ni mwezi wa tatu sasa tangu aanze kuumwa; maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita tako la kushoto hadi kisiginoni kama shoti ya umeme. Akikohoa tu anashika ukuta. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) iliyo chini kabisa kiunoni, kati ya pingili L5 na S1, imetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Dawa ya maumivu, diklofenaki, inatuliza saa chache, na sasa tumbo linamwaka moto.

Waliopitia hili, mazoezi ya fiziotherapia yaliwasaidia baada ya muda gani? Na sindano ya mgongoni je? Upasuaji tunauogopa sana. Haja ndogo anapata vizuri na mguu haujalegea. Daktari alisema hayo yakibadilika tumkimbize hospitali usiku huohuo.