Mjadala: Je, makubaliano ya William Friedman na Boris Hagelin yanapaswa kubadilisha namna tunavyomkumbuka?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naleta mbele yenu swali linalowagawa watu wanaofuatilia historia ya ujasusi, hasa tangu Februari 2020, na ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulitazama kama wageni. Mwezi huo gazeti la Washington Post, pamoja na televisheni ya ZDF ya Ujerumani na SRF ya Uswisi, lilifichua kwamba kampuni ya Crypto AG ya mjini Zug, iliyokuwa ikiziuzia serikali mashine za kusimba ujumbe wa siri, ilimilikiwa tangu mwaka 1970 na mashirika mawili ya kijasusi, CIA ya Marekani na BND ya Ujerumani Magharibi. Wateja wake walikuwa zaidi ya nchi 120, na katika orodha iliyochapishwa zimo Misri, Libya, Nigeria, Zaire na Tanzania. Ukifuata mzizi wa habari hiyo unafika kwenye meza ya chakula katika klabu ya Cosmos mjini Washington mwaka 1951, ambapo marafiki wawili walipeana mikono. Mmoja alikuwa Boris Hagelin, mwenye kampuni. Wa pili alikuwa William Friedman, mfumbuzi mashuhuri wa misimbo wa Marekani, na ni huyu ninayetaka tumjadili.

Kwanza nimtendee haki. Friedman alizaliwa mwaka 1891 mjini Kishinev, katika himaya ya Urusi, na wazazi wake Wayahudi walihamia Marekani angali mtoto mchanga. Alisomea jenetiki katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha tajiri mmoja aitwaye George Fabyan akamwajiri katika maabara zake za Riverbank, jimboni Illinois, ashughulikie uboreshaji wa mbegu. Hapo alikutana na Elizebeth Smith, aliyeletwa kutafuta ujumbe uliodaiwa kufichwa ndani ya tamthilia za Shakespeare. Walioana mwaka 1917, na mke huyu naye akawa miongoni mwa wafumbuzi wa misimbo hodari kabisa wa karne ile.

Kabla ya Friedman, kufumbua ujumbe wa siri kulitegemea zaidi kipaji, uvumilivu na kubahatisha. Yeye aliingiza hesabu. Katika kazi yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1922 alionyesha kwamba maandishi yaliyosimbwa hubaki na alama za lugha yalikotoka, kwa kuwa katika kila lugha zipo herufi zinazojirudia kuliko nyingine (fikirieni jinsi herufi ya A ilivyotapakaa katika Kiswahili), na kwamba marudio hayo yanaweza kupimwa hata pale ambapo msomaji haelewi neno lolote. Kwa uvumbuzi huo, kazi iliyokuwa ya wateule wachache ikawa elimu inayoweza kufundishwa darasani, na akaifundisha kweli. Alipokabidhiwa idara mpya ya ujasusi wa mawasiliano ya jeshi la nchi kavu, mwaka 1930 aliwaajiri vijana watatu waliosomea hisabati, Frank Rowlett, Abraham Sinkov na Solomon Kullback, akawapika kuanzia mwanzo.

Kikosi hicho ndicho kilichovunja mashine ya kidiplomasia ya Japani ambayo Wamarekani waliipa jina la Purple. Ilianza kutumika mwaka 1939. Kwa takriban miezi 18 walipambana nayo bila kuiona kwa macho, mpaka Septemba 1940, pale Genevieve Grotjan alipoona katika makaratasi yake mfuatano uliofichua namna mashine ilivyofanya kazi. Mwenzao Leo Rosen alikuwa amekwisha kutambua kwamba ndani yake kulikuwa na swichi za aina inayotumika katika vituo vya simu, na kwa maarifa hayo wakaunda mashine yao wenyewe iliyosoma ujumbe wa Wajapani. Baadaye, wakati wa vita, ripoti ambazo Balozi Oshima wa Japani alizituma Tokyo kutoka Berlin, zikieleza hata ngome za Wajerumani katika pwani ya Ufaransa, zilisomwa Washington. Gharama kwa Friedman ilikuwa kubwa: Januari 1941 alilazwa katika hospitali ya Walter Reed akiwa amevunjika kwa uchovu wa akili, na alikaa huko karibu miezi mitatu.

Katika kazi hiyo yote simwoni akifanya jambo la aibu. Japani ilitengeneza kufuli lake, ikalifunga kwa mikono yake, na Friedman na wenzake wakalifungua kwa akili zao. Ndiyo maana naona mwaka 1951 umeleta jambo la aina nyingine kabisa. Hagelin, aliyezaliwa mwaka 1892 katika nchi iitwayo leo Azerbaijan, alikuwa rafiki yake tangu miaka ya 1930; mashine yake ndogo, M-209, ilitengenezwa takriban 140,000 kwa ajili ya majeshi ya Marekani. Baada ya vita alihamia Uswisi na kuendelea kuuza mashine bora kwa yeyote mwenye fedha. Friedman alimwomba rafiki huyo aziuze mashine zilizo imara kwa nchi zilizokubaliwa na Marekani pekee, na nyingine zote zipewe mashine za zamani zilizo dhaifu. Kwa malipo, Hagelin afidiwe hasara ya biashara. Kumbukumbu zilizotolewa mwaka 2015 na NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, zinaonyesha kwamba Friedman aliendelea kulisimamia jambo hili mwenyewe, na Februari 1955 alisafiri hadi Zug kulizungumza.

Msimamo wangu ni kwamba makubaliano hayo yalikuwa udanganyifu dhidi ya wanunuzi waliokuja kwa nia njema, na kwamba Friedman, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani tofauti ya mashine imara na dhaifu, hawezi kuondolewa katika lawama. Mwaka 1999 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa NSA. Sipingi heshima hiyo. Ninachopinga ni kuisimulia bila mwaka 1951. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo yako ya kina, lakini naona umemtwika marehemu mzigo ambao sehemu yake kubwa si yake.

Friedman alistaafu mwaka 1955 na kufariki Novemba 1969. Mashine ya H-460, ambayo ndiyo ya kwanza ya kielektroniki ambayo moyo wake ulibuniwa na wataalamu wa NSA, ilitoka mwaka 1967. Mfululizo wake wa herufi ulionekana kama hauna mpangilio, kumbe ulijirudia kwa vipindi vifupi vilivyomwezesha anayejua kuufumbua. Kampuni ilinunuliwa mwaka 1970 kwa dola milioni 5.75, yeye akiwa kaburini Arlington. Alichokubaliana na Hagelin kilikuwa kuzuia bidhaa bora isimfikie asiyetakiwa, na hilo serikali nyingi hulifanya hadi leo kwa silaha na teknolojia. Kukataa kumuuzia mtu kitu kizuri ni tofauti na kumuuzia kitu kilichotegwa.

Pia utazame wakati wenyewe. Mwaka 1951 Marekani ilikuwa vitani Korea na Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekwisha kujaribu bomu lake la nyuklia. Mtu aliyeshuhudia Pearl Harbor ikishambuliwa ilhali nchi yake ikisoma ujumbe wa kidiplomasia wa Japani asingeweza kulala kwa amani akiona mashine zisizovunjika zikisambaa duniani.

Na matunda yake yalikuwepo. Wakati wa mazungumzo ya Camp David mwaka 1978, Wamarekani waliweza kusoma mawasiliano ya Rais Sadat na Kairo, na mazungumzo hayo yalizaa amani kati ya Misri na Israeli. Aprili 1986, baada ya bomu kulipuka katika ukumbi wa dansi wa La Belle mjini Berlin Magharibi, ujumbe wa Libya uliosomwa ndio ulioonyesha mkono uliohusika. Je, ungependa hayo yasijulikane?

Hatimaye, mheshimiwa, dola inayokabidhi siri zake kwa mashine ya mgeni bila kuwa na wataalamu wa kuichunguza nayo imezembea. Huo ni ukweli mchungu, lakini hauwezi kuandikwa katika hesabu ya Friedman.

Mleta mada

Ndugu yangu, nimekusoma vizuri, na katika jambo la tarehe tunakubaliana: H-460 si kazi ya mikono yake, na umiliki wa 1970 haukuwa uamuzi wake. Hata hivyo tofauti unayoiweka kati ya kuzuia na kutega haisimami nikiitazama kutoka upande wa mnunuzi. Serikali inayokataza kuuza silaha hutangaza marufuku hiyo, na mnunuzi anajua amenyimwa, akatafute kwingine. Mteja wa Hagelin hakuambiwa kwamba amenyimwa. Aliuziwa mashine kwa jina la kampuni iliyosifika, kutoka katika nchi isiyofungamana na upande wowote, akaamini kwamba ujumbe wake umelindwa, ilhali muuzaji na rafiki yake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba usilindwe. Udanganyifu ulianzia hapo. Miaka 16 baadaye wahandisi waliukamilisha tu kwa ustadi zaidi.

Unataja uzembe wa wanunuzi. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1960 au 1961, yenye wahandisi wa kuhesabika, ingeunda wapi mashine zake za kusimba? Ilichoweza kufanya ni kutafuta muuzaji asiyekuwa na upande katika ugomvi wa mataifa makubwa, na ndivyo ilivyofanya. Hawakuwa wakizembea walipoichagua Uswisi. Walikuwa wakitumia busara waliyokuwa nayo, na ni busara hiyo hiyo iliyogeuzwa kuwa mtego. Ripoti ya Bunge la Uswisi ya Novemba 2020 ilieleza kwamba idara ya ujasusi ya nchi hiyo ilikuwa na habari za kuaminika juu ya kampuni hiyo tangu mwaka 1993.

Kuhusu matunda, napenda tuyahesabu yote. Argentina chini ya utawala wa kijeshi ilikuwa mteja, na hiyo ni serikali iliyowateka na kuwaua maelfu ya raia wake. Kwa hiyo anayesifu maarifa yaliyopatikana akubali pia kuulizwa juu ya ukimya wa waliousoma ujumbe wake. Kisha yupo Hans Bühler, muuzaji wa Crypto AG ambaye hakuwa akijua lolote. Machi 1992 alikamatwa nchini Iran, akashikiliwa miezi tisa, akahojiwa juu ya jambo ambalo mwajiri wake alimficha, na aliachiwa Januari 1993 baada ya kulipwa dola milioni moja. Kampuni ikamfukuza kazi na kumdai fedha hizo. Mhandisi Peter Frutiger alifukuzwa mwaka 1977 baada ya kurekebisha udhaifu ambao wateja wa Syria walikuwa wameulalamikia, yaani alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Watu hawa hawakuwa maadui wa Marekani.

Lipo jambo moja ambalo linanifanya nimwonee huruma Friedman mwenyewe. Desemba 1958 maofisa wa NSA walifika nyumbani kwake na kuondoka na sehemu ya makaratasi aliyoyakusanya kwa miaka mingi, mengine yakiwa ya kihistoria tu, na mzee huyo alihuzunika sana kuona usiri umevuka mipaka ya akili. Aliyeusaidia mfumo huo usimwamini mtu yeyote aliishi kuona ukikataa kumwamini yeye.

Mchangiaji wa pili

Nawasalimu nyote. Ninyi wawili mmezungumza kana kwamba wanunuzi walikuwa wakilinda siri zao peke yao. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu mwaka 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapo mwaka 1962, na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Zimbabwe, Angola na Namibia walipita au kuishi hapo. Serikali mwenyeji wa watu hao ilibeba siri ambazo zingegharimu maisha ya wengine nje ya mipaka yake. Naomba mchangiaji wa kwanza anijibu kwa msingi huo: hoja ya Korea na Wasovieti inaihalalishaje mashine dhaifu kuuzwa kwa serikali ya namna hiyo, ambayo haikuwa na vita na Marekani?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mchangiaji wa pili, haiihalalishi, na sitatafuta maneno ya kuzunguka. Hoja yangu inamlinda Friedman kwa kadiri ya hatari aliyoiona mwaka 1951, alipomfikiria Stalin na washirika wake. Lakini makubaliano aliyoyaasisi hayakuweka mpaka wa nani ni adui. Yaliweka orodha ya waliokubaliwa, na kila aliyekuwa nje ya orodha akahesabiwa kuwa wa kusikilizwa. Hapo nakubaliana na mleta mada kwamba muasisi ana sehemu yake ya kujibu, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kuuomba mpaka huo uwekwe na hakuna karatasi niliyoisoma inayoonyesha kwamba aliuomba. Nisichokubali bado ni neno lake kwamba wanunuzi hawakuzembea hata kidogo. Baada ya Machi 1986, Reagan alipoutangazia ulimwengu kwamba ujumbe wa Libya ulisomwa, na hasa baada ya Bühler kurudi na kuzungumza hadharani, dalili zilikuwa wazi, na bado serikali kadhaa ziliendelea kununua.

Mleta mada

Tarehe ya hotuba ya Reagan ni Aprili 1986, ndugu yangu, si Machi, lakini hoja yako kuhusu miaka iliyofuata naipokea. Kuanzia hapo lawama ya wanunuzi inaanza kuwa na uzito, na serikali zetu zina wajibu wa kutueleza zilisitisha lini matumizi ya mashine hizo na nani alizichunguza. Kwa miaka 35 iliyotangulia, tangu pale mezani Washington, sioni wa kulaumiwa isipokuwa waliojua.