Njia ya waenda kwa miguu kando ya kijito, Arusha: rasimu ya tathmini ya mazingira tuihakiki vipi?

Mkazi wa Kijenge

Wakuu, habari za kazi. Kuna pendekezo la kujenga njia ya kutembea kwa miguu kando ya kijito kimoja hapa mjini kinachoingia mto Themi. Urefu kama kilomita 1.8, upana mita 3, juu pevingi (tofali za zege za kupanga), pamoja na taa, mabenchi na vivuko viwili. Rasimu ya tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) ipo ofisi ya mtaa, tunatakiwa tuisome na kutoa maoni kabla ya kikao.

Baadhi ya sehemu zinashangaza. Inazungumzia kupwa na kujaa kwa maji, mikoko na kasa. Sampuli ya maji imechukuliwa moja tu, mwezi Februari. Kwenye ramani njia imepita ukingoni kabisa, kuna mahali iko mita 4 tu kutoka kwenye maji, na kwa karibu mita 600 kuna ukuta wa gabioni (maboksi ya wavu wa waya yaliyojazwa mawe) upande mmoja. Eneo lenyewe lina bustani za mchicha na figiri, mikuyu mikubwa ya zamani, na sehemu mbili za kunyweshea mifugo.

Je, ile sheria ya mita 60 inaruhusu hili? Na kikaoni tudai nini hasa? Tukisema tu kwamba rasimu ni mbovu hakuna atakayetusikiliza.

Kingo za Meru

Mkuu, mikoko na kasa maana yake rasimu imenakiliwa kutoka mradi wa barabara ya ufukweni, likabadilishwa jina la mahali tu. Watu watacheka, lakini tatizo ni zaidi ya aibu. Ufukweni mtaalamu anahangaika na mawimbi yanayokula mchanga na chumvi inayokula nondo. Kijito kinachoshuka Meru kina mteremko mkali, udongo wa majivu ya volkano unaomomonyoka upesi, na maji yanayopanda kwa saa chache kisha yakashuka. Hatua za kupunguza athari zilizoandikwa kwa ajili ya bahari hapa hazina kazi yoyote. Kwa hiyo hoja yenu ya kwanza iende na namba za kurasa: ukurasa fulani unataja kasa, na sura ya hali halisi ya eneo haina hata aya moja kuhusu mafuriko ya masika.

Kuhusu mita 60: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zenye kuweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa, bwawa au bahari. Pevingi na gabioni ni vitu vya kudumu, kwa hiyo msikubali jibu kwamba "hii ni njia ya wananchi tu, siyo jengo". Mwenye mradi ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini ni lazima apite humo na kingo zitabakije salama. Pia rasimu ionyeshe maandishi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi yao iko Moshi. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo hayo maji ni ya bonde lao. Mkiambiwa kibali cha ujenzi kimeshapatikana, msitetereke: kifungu cha 81 kinataka tathmini ikamilike kabla ya kuanza, na kibali cha mamlaka nyingine hakichukui nafasi ya cheti cha mazingira.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliombi. Ombeni hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ambayo mtaalamu aliahidi kuyachunguza. Mradi ukisajiliwa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) hupangwa kwenye kundi lake, na kama unahitaji tathmini kamili, mtaalamu huandaa taarifa ya upeo wa kazi pamoja na hadidu za rejea, ndipo anaruhusiwa kuendelea na utafiti. Wekeni hadidu na rasimu mezani, msome kipengele kwa kipengele. Kile alichoahidi kupima na hakukipima ndiyo hoja isiyojibika kwa maneno. Angalieni pia kama walioandika wamesajiliwa kuwa wataalamu wa mazingira na kama wamesaini.

Sampuli moja ya Februari haitoshi. Angalau pointi tatu: juu ya mradi, katikati na chini yake, na zirudiwe kiangazi na masika. Vipimo vya msingi ni tope linaloelea, pH (ukali wa asidi au alkali), BOD (oksijeni inayotumika uchafu ukioza majini), vimelea vya kinyesi, mafuta na grisi. Bila pointi ya juu, siku maji yakichafuka mkandarasi atasema yamekuja hivyo hivyo kutoka juu, na hamtakuwa na cha kumjibu.

Sura ya njia mbadala isomeni kwa jicho kali. Mara nyingi huwa na aya mbili tu, "kujenga" na "kutojenga". Hapa zipo angalau mbili za kweli zaidi: kuirudisha njia nyuma kutoka ukingoni, au kuipitisha kwenye barabara ya mtaa juu ya mtaro uliofunikwa na kuwaachia watu sehemu tatu nne za kushukia mtoni. Hiyo ya pili mimi naona ndiyo yenye akili, japo kwenye picha za uzinduzi haipendezi.

Fundi Gabioni

Naongezea upande wa maji, maana huo ukuta wa mita 600 ndio mradi wenyewe. Pevingi ni mapambo.

Kipimo cha kujifanyia wenyewe: chagueni kipande cha mita 10 kilichonyooka. Tupeni chupa ya plastiki yenye maji nusu, pimeni sekunde inazotumia, rudieni mara tano, chukueni wastani. Ikiwa ni sekunde 8, kasi ya juu ni mita 1.25 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya chini huenda polepole, unapata kama 1.06. Upana wa maji ukiwa mita 3 na kina cha wastani mita 0.4, eneo ni mita za mraba 1.2, kwa hiyo mtiririko ni kama mita za ujazo 1.3 kwa sekunde. Hayo ni maji ya siku ya kawaida.

Halafu tafuteni alama za mafuriko: mifuko ya plastiki na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye kuta, udongo ulioliwa chini ya mizizi. Pimeni kimo chake kutoka sakafu ya kijito. Tuseme ni mita 2.2 na upana hapo ni mita 7. Eneo la mfereji wa mafuriko ni takriban mita za mraba 15.4. Ukuta ukiingia ndani mita 1.5 tu, umekula 3.3, zaidi ya sehemu moja ya tano. Maji hayapungui kwa kuwa umejenga. Yatapanda au yataongeza kasi, na yote mawili yanaumiza upande wa pili usio na ukuta. Kwa hiyo dai lenu liwe hivi: michoro ya mikato ya mto (umbo lake ukiukata kwa upana) kila mita 50, kabla na baada ya ujenzi, yenye mstari wa kimo cha mafuriko. Rasimu isiyo na michoro hiyo haijatathmini chochote. Anayedhani makorongo ya mjini ni mitaro tu akumbuke Aprili 2024, basi la shule liliposombwa na maji korongoni hapa hapa Arusha na watoto wakafariki.

Kama ukuta ni lazima mahali fulani, mambo yanayouangusha ni haya. Msingi kukaa juu ya sakafu ya mto: maji yanachimba chini yake na boksi linainama mbele. Ushuke chini ya kina cha mmomonyoko kilichokokotolewa, na kwa kijito cha aina hii mita moja chini ya sakafu ni mahali pa kuanzia mjadala. Ncha kuachwa wazi: maji yanazunguka nyuma ya boksi la mwisho, na masika moja yanatosha kuutenganisha ukuta na ukingo. Ncha zichimbiwe ndani ya ukingo kama mita 2. Kukosa kitambaa cha jiotekstaili nyuma: udongo wetu wa majivu unapita kwenye mawe kama unga kwenye chekeche, na njia inatitia bila ukuta kuguswa. Mwisho ni mawe. Yawe milimita 100 hadi 250, magumu na mazito. Yale mepesi yenye matundu, yanayopatikana kwa bei rahisi huku kwetu, hayana uzito wa kushindana na maji, na madogo yanatoka kwenye wavu.

Pevingi kwa sehemu zinazofunikwa na maji haifai. Mchanga wa chini unasombwa, tofali zinabaki zikicheza. Sehemu hizo ziwe za mawe yaliyopangwa au moram (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, ambayo mtaa wenyewe unaweza kuikarabati. Penye ukavu, pevingi ya milimita 60 juu ya moram ya milimita 150 inatosha watembea kwa miguu. Mteremko wa asilimia 2 uelekee upande wa nchi kavu, kwenye mfereji wa nyasi, maji ya mvua yachujwe kabla ya kufika kijitoni.

Mama Figiri

Kwenye bustani msiishie kwenye neno "fidia italipwa". Wengi wa wanaolima hapo hawana hati, na wataambiwa wapo ndani ya mita 60 kwa hiyo hawadai kitu. Ardhi na mazao ni mambo mawili. Daini orodha ya kila bustani: ukubwa kwa hatua au mita, aina ya mboga, chanzo cha maji, tarehe ya kuhesabu iliyotangazwa wazi. Mchicha unavunwa ndani ya wiki chache, kwa hiyo taarifa ya mapema yenye tarehe inaokoa zao kuliko hundi inayochelewa.

Mifugo nayo ina hesabu yake. Ukiziba sehemu ya kunyweshea, ng'ombe hawaachi kunywa. Watashuka popote na kuvunja ukingo mpya. Waweke mteremko wa mawe wa upana wa mita 4 hivi, yapangwe bila kulainishwa na saruji wasije wakateleza, na uwe chini ya mahali watu wanapochota maji, siyo juu yake.

Na kikao kisifanyike saa nne asubuhi siku ya kazi. Wenye bustani wanakuwa sokoni, wafugaji wako machungani, wanabaki wastaafu na wajumbe. Karatasi ya mahudhurio iandikwe na shughuli ya kila mtu, ionekane nani hakufikiwa.

Mkazi wa Kijenge

Asanteni sana, hapa nimepata pa kuanzia. Mbili zimebaki. Mikuyu: rasimu inasema "miti michache itaondolewa na kupandwa mingine". Na bodaboda, kwa sababu njia itaunganisha barabara mbili na itageuka njia ya mkato.

Kingo za Meru

"Miti michache" haikubaliki kwenye TAM. Kila mti upewe namba, jina, mzunguko wa shina kwa kimo cha mita 1.3 na alama kwenye ramani, kisha iandikwe upi unabaki na upi unaondoka na kwa nini. Mkuyu mzee ndio unaoshika ukingo; kuukata halafu ukajenga gabioni palepale ni kununua kwa bei kubwa kazi iliyokuwa inafanywa bure. Njia ipinde. Chini ya kivuli chote cha matawi isiingie mashine, usimwagwe kifusi, uchimbaji uwe wa jembe. Na wasilete mikaratusi kuwa mbadala. Mringaringa, mikuyu na nyasi za vetiva kwenye mteremko zinafaa, ziwe na bajeti ya kumwagilia na kupalilia kwa miaka miwili.

Taa: nguzo za mita 4, mwanga wa njano usiozidi kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), kofia ielekee njiani. Mwanga mweupe ukimulika maji unakusanya wadudu wote wa kijito.

Fundi Gabioni

Bodaboda hawazuiliki kwa nguzo fupi peke yake. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya sentimita 90, na pikipiki inapita humo. Nguzo zenye nafasi ya mita 1.2 zinazuia bajaji na gari, basi. Vizuizi vya kupishana kama zigizaga vinawapunguza mwendo. Kuwazuia kabisa ni kazi ya ulinzi na faini ya mtaa, na rasimu iseme nani ataifanya na kwa fedha gani.

Jambo la mwisho, na msilisahau hata kama mengine yote mtayaacha. Fungueni mpango wa usimamizi wa mazingira mwishoni mwa rasimu, mlinganishe na BOQ (orodha ya kazi, viwango na bei) ya mkandarasi. Kupima tope mtoni, kutenga eneo la kuoshea mashine ya zege mbali na maji (maji yale yana pH ya kama 12, yanaua samaki), kuhifadhi udongo wa juu wa sentimita 20, kumwagilia miti: kama kitu hakina mstari na bei kwenye BOQ, hakitafanyika. Ratiba nayo iandikwe kwamba kazi za ukingoni ni Juni hadi Oktoba. Mkandarasi akianza Februari, masika itamkuta shimo liko wazi.

Maoni yenu yawe ya maandishi, nakala kwa afisa mazingira wa jiji na ofisi ya NEMC Kanda ya Kaskazini, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa.